Aliyekosa Aoshe Vikombe

Enzi zetu pale mtaani kwetu Lizaboni, jibu halikukaa mfukoni. Ulikuwa nalo kichwani au hukuwa nalo kabisa, na kama hukuwa nalo ulilala hujui, ukaamka hujui, ukaenda kuteka maji huku bado unaliwaza. Ninyi wa rika langu mnakumbuka. Watu wawili waliweza kubishana tangu kupanda mahindi mpaka kuvuna, kisa ni mnyama gani mwenye mbio kuliko wote, na hapakuwa na pa kwenda kuhakikisha isipokuwa kwa mwalimu, naye mwalimu siku nyingine alikujibu kwa kukutuma ukakate fimbo. Leo mtoto anaulizwa mji mkuu wa nchi fulani, anaingiza mkono mfukoni kama anayetafuta leso, anajibu, na kabla hujamaliza kumsifu ameshasahau.

Nayakumbuka maswali ya wakati ule kuliko ninavyokumbuka nyimbo au michezo, ingawa michezo tulicheza. Tulicheza rede mpaka vumbi jekundu likatugeuza rangi, tukacheza kombolela nyuma ya nyumba za watu, tukapanda kuelekea Matogoro kutafuta matunda ya masuku na kurudi na midomo inayonata. Mvua za kwanza zilipokuja tuliokota kumbikumbi, tukawakaanga kwenye kigae, nyumba nzima ikanukia. Asubuhi za mwezi wa sita tulikwenda shule na kuni kwapani, meno yakigongana kwa baridi, na aliyesahau ufagio alijua kinachomngoja. Hayo yote yamo. Lakini maswali ndiyo yaliyokuja kuamua kama mimi na wadogo zangu tutaendelea kuishi chini ya paa moja au tutagawanywa kama vyombo. Ndiyo maana nayakumbuka.

Baba yetu alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga. Alirudi nyumbani mweupe kwa unga mpaka kwenye kope, anakohoa, anajikung'uta mlangoni kwa kofia yake ya pama, halafu ndipo tulipomwambia shikamoo, kwa sababu kabla ya hapo asingesikia. Ngurumo ya mashine ilikuwa bado masikioni mwake. Mama alikuwa ameshafariki, Bena akiwa bado anatambaa. Tulibaki watatu kwa baba: mimi Gaudensia, mkubwa, Otmari akinifuata, na Bena, kitinda mimba. Redio ilikuwa moja, na betri zake tulizianika juu ya paa la bati zipate joto ziendelee siku mbili tatu. Magazeti tuliyapata yakiwa yamefungia nyama. Baba aliyakunjua taratibu, akayafuta damu, akasoma kilichobaki.

Alikuwa akijiandaa na Jumapili. Baada ya misa ya pili, watu walikwenda kilabuni kwa Bibi Agata, kwenye pombe ya ulanzi msimu wa mvua na ya komoni wakati wa kiangazi, na huko kulikuwa na chemsha bongo. Msidhani ni jambo la siri au la walevi. Wake walikuja na vikapu vya maandazi na karanga, watoto tulikaa kwenye nyasi nyuma ya mabenchi ya baba zetu kama washangiliaji wa mpira. Mabenchi yalikuwa mawili, la Lizaboni na la Majengo, mtaa wa jirani, yametazamana, na katikati alisimama Lazaro, fundi baiskeli, Mhehe, kwa hiyo mtani wetu sisi Wangoni. Yeye ndiye aliyeuliza. Hapakuwa na zawadi. Sheria ilikuwa moja: benchi litakaloshindwa litaosha vikombe vya bati vya watu wote, wanaume wazima, wamechuchumaa mbele ya karai, na wake zao wakiwatazama. Kwa wanaume wa wakati ule hiyo ilikuwa adhabu ya kutosha.

"Mnyama gani hana sauti?" Lazaro aliuliza.

"Twiga!" Majengo walirukia.

"Mto Ruvuma unaanzia wapi?"

"Matogoro, hapo juu, au unataka tukakuoneshe, Mhehe?"

"Nionesheni, nikaufunge msipate maji ya kupikia pombe."

Kicheko. Halafu swali likamfikia baba, na sisi nyuma yake tukajua kinachofuata. Nakumbuka swali moja hasa: nchi gani ndogo kuliko zote duniani. Baba alisimama, akavua kofia yake ya pama, akaishika kifuani kama aliye kanisani.

"Sijui."

"Baba Gau!" benchi lake lilipiga kelele. "Taja nchi yoyote, bwana! Utatuoshesha vikombe!"

"Siijui."

"Sema tu!"

"Nikisema tu," alijibu, "kesho mwanangu ataisema shuleni."

Wakaosha vikombe. Na si mara hiyo tu. Baba alijua mengi, lakini asilolijua hakulibahatisha hata kidogo, na kwa ajili hiyo benchi la Lizaboni lilichuchumaa mbele ya karai Jumapili nyingi. Wakampa jina: Bwana Sijui. Nilikuwa naona aibu. Watoto wa Majengo walinifuata njia nzima, "Mtoto wa Bwana Sijui, baba yako yuko wapi? Sijui!" Nikafika nyumbani nimenuna, baba akanitazama na kucheka kile kicheko chake kilichoishia kwenye kikohozi.

Nyumbani kwetu mchezo ule uliendelea kila siku kabla ya chakula. Maji ya kunawa yalizungushwa, ugali ukafunikwa, dagaa wa Nyasa wakaachwa wanukie, na baba akauliza. Kila mtu alipewa maswali mawili, la dunia na la nyumbani. La dunia lilikuwa kama: mji mkuu wa Zaire? Sayari ngapi zinalizunguka jua? La nyumbani lilikuwa kuhusu sisi wenyewe. Mdogo wako amekula nini mchana? Otmari ameumia wapi leo, maana anachechemea? Bena, kuku ana miguu mingapi?

"Wetu ana mmoja na nusu," Bena alijibu, na ilikuwa kweli, kicheche alikuwa amemjeruhi.

Usipojua ulisimama, ukasema "sijui" kwa sauti ya kusikika, na baada ya kula ukaosha vyombo. Mimi nilijitahidi kwenye maswali ya dunia kwa sababu nilikuwa darasa la sita na nilipenda kuonekana. Siku moja niliyajibu yote vizuri, halafu baba akaniuliza kwa nini Bena hajazungumza tangu asubuhi. Sikuwa nimeona kwamba hajazungumza. Baba hakunigombeza. Alisema, "Unaijua Kinshasa, na hujui mdogo wako kapatwa na nini. Hiyo akili inakusaidia wapi?" Bena alikuwa na jino linalomuuma. Tangu siku hiyo nilianza kuwachunguza wadogo zangu kama mtu anayejiandaa na mtihani. Nilijua nani anaogopa radi, nani anapenda ukoko, nani akidanganya anakunja vidole vya miguu. Sasa naona kwamba baba alikuwa ananiandaa. Kikohozi chake yeye mwenyewe alikijua.

Alikufa mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Alikwenda hospitali kwa miguu yake, akarudishwa kwenye gari la watu. Sitaki kusema mengi juu ya siku ile. Nakumbuka unga ulikuwa bado umeganda kwenye mshono wa koti lake, na nikaushika kwa ncha ya kidole, nikauonja.

Ninyi wa rika langu mnajua msiba wa wakati ule ulivyokuwa. Mtani alikuwa na kazi yake. Lazaro alifika akiwa amevaa kofia ya pama ya baba, sijui nani alimpa, na koti lake la mashineni, na akajimwagia unga usoni. Wanawake walipomwona walipiga yowe, halafu wakacheka, halafu wakalia zaidi. Makaburini aliingia kwenye shimo akajilaza kulipima, akatoka analalamika kwamba limechimbwa na watu wa Majengo kwa hiyo ni fupi. Jeneza lilipotaka kushushwa alizuia njia. Akaligonga kwa vidole. "Bwana Sijui! Unakwenda wapi?" Akaweka sikio, akasikiliza. Kisha akatugeukia. "Anasema hajui." Mwanamume mmoja wa benchi la Majengo aliyekuwa ameshika kamba alicheka mpaka akaiachia, akakaa chini kwenye udongo, akaanza kulia kama mtoto.

Siku ya kuanua tanga ndugu walikaa uani kuzungumza yaliyobaki, yaani sisi. Alikuwepo baba mdogo Kastori, aliyelima tumbaku upande wa Namtumbo, na mjomba Bakari, kaka wa mama yetu, mkulima wa korosho kutoka karibu na Mbesa, Tunduru, na shangazi mwenye duka Majengo. Hawakuwa watu wabaya, naomba mnielewe. Kila mmoja alikuwa na watoto wake na njaa yake. Wakasema Otmari aende Namtumbo, Bena aende Tunduru, mimi niende kwa shangazi nikasaidie dukani. Lilisemwa kwa upole, kama jambo lililokwisha. Otmari alikuwa amekaa karibu yangu. Alikunja vidole vya miguu ingawa hakuwa amesema neno. Bena alidhani tunazungumzia safari, akauliza kama atapanda basi.

Lazaro alikuwa bado amevaa kofia ya baba. Mtani haondoki msibani mpaka mambo yaishe, na anachosema mtani hakuna wa kumkemea. Alitoka kwenye mkeka wake akasimama katikati ya uwanja, mahali pale pale ambapo angesimama kilabuni.

"Mnataka kuchukua watoto wa Bwana Sijui bila kuulizwa maswali?" alisema. "Haya. Benchi la Tunduru. Mjomba Bakari, mtoto huyu Bena, chakula gani asipewe hata akilia?"

Watu walianza kucheka. Mjomba naye alitabasamu, akashika ndevu. "Ah, mtoto wetu huyu, alhamdulillahi, anakula kila kitu."

Nikasimama kabla sijajua nimesimama. "Korosho," nikasema. "Ukimpa korosho midomo inavimba na koo linabana. Zile ulizotuletea, mjomba, alikula moja tu. Baba alimkimbiza hospitali mgongoni."

Kicheko kilikufa. Mjomba Bakari alinitazama mimi, akamtazama Bena, akainamisha kichwa. Kwake korosho zilianikwa ua mzima. "Sikuambiwa," alisema taratibu. "Wallahi sikuambiwa."

"Umebahatisha, Bakari," Lazaro alisema. "Benchi la Namtumbo. Kastori, Otmari akiwa na huzuni huenda wapi?"

Baba mdogo alimtazama Otmari. Kisha mtu yule, mdogo wa baba yetu, ambaye sikuwahi kumwona kilabuni hata Jumapili moja, alisimama, akavua kofia yake, akaiweka kifuani.

"Sijui," alisema.

Nadhani ndipo watu walipoanza kulia kweli. Nilijibu mimi: Otmari akihuzunika huenda mashineni na kulala juu ya magunia ya pumba, na usimwamshe, mwache ainuke mwenyewe. Lazaro akaendelea kuuliza, nami nikaendelea kujibu. Nani anaogopa radi. Nani hulala katikati. Wimbo gani humnyamazisha Bena. Shangazi aliulizwa juu yangu mimi, akasema Gau anapenda shule, na akawa amepata; ni yeye peke yake aliyepata siku ile.

Halafu Lazaro akaonyesha karai. "Aliyekosa aoshe vikombe." Na wale wanaume wawili, mmoja Mwislamu mwenye kanzu yake nyeupe na mwingine ametoka shambani kwenye tumbaku, walikunja mikono ya nguo, wakachuchumaa, wakaosha vikombe vya chai vya msiba mzima. Hakuna aliyewalazimisha. Walipomaliza, wazee walikaa tena, na ikaamuliwa kwamba watoto wasitenganishwe. Baba mdogo atatuletea mahindi kila mavuno. Gaudensia ndiye anayewajua, basi Gaudensia abaki nao.

Nilishinda. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Usiku ule tulilala watatu kitanda kimoja, Bena katikati. Lakini katika maswali yote ya siku ile, limo moja ambalo Lazaro hakuliuliza, wala baba mdogo, wala shangazi aliyesema napenda shule. Gaudensia atasoma lini? Halikuulizwa. Nami sikuliuliza, kwa kuwa niliogopa jibu lake lisije likabadilisha lile lililokwisha patikana.

Nikaacha shule kabla ya darasa la saba. Kazi niliyoipata ilikuwa kwa Bibi Agata, kilabuni. Kuosha vikombe. Nacheka ninapoandika hili, na nyinyi chekeni. Waliokosa waliosha Jumapili jioni wakaenda zao. Mimi niliyejibu yote niliosha kila siku ya juma. Maji ya kisima mwezi wa saba yalinipasua viganja mpaka nikawa napaka mafuta ya nyonyo kabla ya kulala. Wenzangu wa darasani walipita barabarani na sare zao za samawati, mwanzoni wakanisalimia, baadaye wakaona haya kunisalimia, baadaye wakawa hawanijui. Kulikuwa na miezi ambayo mahindi ya baba mdogo yaliisha kabla ya mapya kukomaa, tukanywa uji wa chumvi, nikawaambia wadogo zangu mimi nimeshakula kilabuni. Kulikuwa na malaria ya Bena. Kulikuwa na mwanamume aliyetaka kunioa akaniambia wadogo zako je, nikamwambia hilo si swali.

Lakini kila jioni, kabla ya chakula, hata kama chakula kilikuwa ule uji, niliuliza. La dunia na la nyumbani. Maswali ya dunia niliyaokota kilabuni, nikiwa nimeinamia karai huku nyuma yangu Lizaboni na Majengo wanapigiana kelele. Otmari alipenda milima na mito. Bena alipenda miili, mifupa mingapi, damu inazunguka vipi, na akafika kidato cha nne, akaolewa Tunduru. Alipoolewa, kitu cha kwanza nilichomwambia mumewe ni habari ya korosho. Otmari akawa dereva wa lori, akahamia Makambako. Aliniambia kwamba akichoka hulala juu ya magunia, na nikamwambia najua.

Lazaro alikufa zamani. Kilabu cha Bibi Agata kimebomolewa, mahali pake kuna baa yenye viti vya plastiki na spika kubwa kuliko kabati la nguo. Nao wana chemsha bongo Jumamosi, nasikia kutoka kwenye genge langu la nyanya. Kijana mwenye kipaza sauti anauliza, vijana wote wanainama kwa pamoja kama wanaosali kabla ya kula, halafu wanainuka na jibu lile lile, limeandikwa vile vile. Wakaamua simu zikusanywe kwenye ndoo. Siku ya ndoo walinyamaza mpaka muziki ukarudishwa. Wana haki ya kunicheka nami vilevile, maana niliwahi kuwaambia sayari ni tisa, wakaniambia moja imeondolewa, na twiga, eti, ana sauti, hunguruma polepole tu masikio yetu yamekosa kusikia. Nikafikiria vikombe vyote vilivyooshwa kwa ajili ya twiga. Baba, niliwaza, ungejua.

Mwaka jana lori la Otmari lilipinduka mlimani. Mkewe alikuwa ametangulia. Wameacha wawili: Neema, ambaye ni mtoto wa kike wa darasa la sita, na Toni, mdogo wake, ambaye wakati ule alikuwa hajaanza shule.

Msiba ulikuwa Makambako. Kila kitu kilikuwa na mpangilio. Kulikuwa na kundi la simu, na mtu wa kusoma ratiba. Watani walituma ujumbe wa pole wenye picha ya mshumaa. Hakuna aliyejimwagia unga. Hakuna aliyelala kaburini kulipima. Tulimzika Otmari kwa adabu kubwa, kimya kimya, na ule ukimya uliniuma kuliko kilio. Nilikuwa natazama njiani kama anayengoja basi. Nilikuwa namngoja mtani.

Siku ya tatu tukakaa kikao. Aliyezungumza kwa niaba ya ukoo alikuwa Baraka, mtoto wa baba mdogo Kastori, kijana mwema, simu mkononi. Alisema kila mtu ana majukumu, maisha yamebana. Alisema nyumba ya marehemu ipo, majirani ni wema, sisi tutachanga. "Na Neema si mtoto mdogo," alisema. "Anamjua mdogo wake kuliko sisi sote. Anaweza kubaki naye hapa hapa. Mbona dada Gau aliweza?"

Watu walinigeukia, wakaguna kwa heshima. Mama mmoja akapiga makofi kidogo. Neema alikuwa amekaa kwenye kizingiti, Toni amemlalia mapajani, na alikuwa ananitazama. Nilitazama viganja vyake. Vilikuwa bado laini.

Nilisimama. Kofia sikuwa nayo, nikaondoa kanga kichwani, nikaishika kifuani.

"Niulizeni," nikasema.

"Tukuulize nini, dada?"

"Kwa vile hapa hakuna mtani, nitajiuliza mwenyewe. Toni anaogopa nini? Sijui. Akiumwa anapenda kupewa nini? Sijui. Neema akilia huenda wapi? Sijui. Mimi ni shangazi yao na sijui hata moja. Yeye Neema anajua yote, na kwa sababu hiyo hiyo asiachiwe. Mimi nilijua yote, Baraka. Nimeosha vikombe tangu hapo."

Bena, mdogo wangu, aliyekuwa amekaa na wanawake, alifunika uso kwa mikono. Baraka aliweka simu chini. 

"Nakwenda nao Lizaboni," nikasema. "Wote wawili. Neema ataendelea na darasa la sita Jumatatu ijayo. Nisiyoyajua nitafundishwa."

Sasa tunaishi watatu, na jioni kabla ya chakula tunacheza mchezo wa baba, ila mabenchi yamegeuzwa. Wao wanauliza, mimi najibu. Maswali ya dunia najitahidi. Neema huyachukua kwenye kitabu chake cha jiografia, na nikipata ananipigia makofi kwa mshangao ambao si wa heshima sana. Ya nyumbani nakosa. Siku hizi nakosa machache kuliko mwanzo, lakini nakosa. Nimejua kwamba Toni anaogopa honi za magari makubwa. Nimejua Neema halii nyumbani, hulia njiani akitoka shule, akifika ameshakauka. Hilo nilichukua muda mrefu kulijua.

Juzi ilikuwa zamu ya Toni. Alinawa, akajifuta mikono kwenye kaptula, akanitazama kwa ukali aliourithi sijui kwa nani.

"Shangazi. Baba akiendesha gari alikuwa anaimba wimbo gani?"

Nilimlea Otmari. Nilijua vidole vyake vya miguu. Nilikuwa na jibu karibu, wimbo mmoja aliokuwa akiupenda utotoni, ningeweza kuutaja na Toni angekubali, na pengine kesho angeuimba shuleni kuwa ndio wa baba yake. Nikasimama.

"Sijui."

"Hujui kweli?"

"Kweli sijui. Niambie."

  Alimtazama dada yake, na Neema akainamisha kichwa, maana yeye hakuwahi kupanda lori. Toni akafikiri kwa muda mrefu huku ugali ukipoa. Kisha akasimama, taratibu, akaweka mkono kifuani mahali ambapo kofia ingekuwa.

"Na mimi nimesahau," alisema.

Hakuna simu itakayotuambia. Enzi zetu tulikosa majibu kwa sababu hayakuwa yametufikia. Haya ya leo yamekwenda na mtu. Tukala. Halafu tukatoka uani sote wawili, mimi na yeye, tukachuchumaa mbele ya karai, na nikamwonyesha jinsi ya kuzungusha kidole ndani ya kikombe mpaka chini.